Wageni wa Chiriku

Wazazi wenzangu, wekeni kwanza chini mlichoshika mnisikilize. Kisa hiki si cha mbali. Huenda ni cha mlango wa pili kutoka kwenu.

Ilikuwa nyumba ya raha. Baba fundi wa majokofu, mama msusi, na katikati yao binti wa miaka mitano waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Ijumaa jioni ungemkuta kwenye kigoda, mama akimchana nywele, naye akimwaga habari za shuleni bila kituo: nani kang'oka jino, nani kavaa viatu kinyume. Mama hucheka mpaka kitana kinamponyoka.

Siku moja baba alikitengeneza chumba cha baridi cha hoteli moja kubwa. Meneja akafurahi mno. "Fundi, njoo na mama watoto mlale hapa Jumamosi. Kula, kunywa, juu yetu."

Wakaenda. Shuka zilikuwa nyeupe mpaka unaogopa kuzilalia, na meza ya asubuhi hujui uanzie wapi. Mama, ambaye wiki nzima husimama nyuma ya vichwa vya watu, alilala mpaka jua likapanda. Nani amlaumu? Mimi simlaumu.

Sifa za fundi zikaenea. Hoteli ya pili ikamwita, ya tatu ikafuata, mwishowe kila Jumamosi ikawa na hoteli yake. Chiriku akawa anaachwa mtaa wa nyuma kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, mshona mapazia. Mara ya kwanza alilia sana. Ya pili alilia kidogo. Baadaye hakulia kabisa, na mama akasema, "Unaona? Ameshazoea."

Hapo, ndugu yangu, ndipo penye shimo. Mtoto akiacha kulia tunashukuru. Hatuulizi machozi yamekwenda wapi.

Jumapili moja walikuja kumchukua, wamependeza, wananukia sabuni ya hoteli. Chiriku akawafungulia mlango.

"Shikamooni. Karibuni." Akawavutia viti viwili, kisha akageukia ndani. "Shangazi! Wageni wamefika!"

Baba akaangua kicheko. "Msikie huyu! Sisi wageni?"

"Mtakunywa maji?" Chiriku akauliza kwa adabu.

Mama hakucheka. Alimtazama wifi yake, aliyekuwa ametoka na pini mdomoni.

"Hivyo ndivyo anavyopokea wateja wangu, wifi," shangazi alisema akizitoa zile pini. "Akiota vibaya ananiita mimi. Mkitaka abaki hapa moja kwa moja, mimi sichoki naye. Lakini msije kesho mkasema nimewaibia mtoto."

"Dada, na wewe unakuza mambo," baba alisema, ila sauti ilikuwa imemshuka.

Nyumbani Chiriku alikula chote alichopakuliwa. "Asanteni, nimeshiba. Naomba kwenda chooni." Mama akamuuliza shule ikoje. "Nzuri." Basi. Chiriku, neno moja!

Mama aliingia jikoni, akafungua bomba ili kilio chake kisisikike. Baba akamfuata.

"Jumamosi ijayo tuna ile hoteli mpya, nimeshawaahidi. Na sisi tunahitaji kupumua, mke wangu."

"Tumepumua, Baba Chiriku. Tumepumua mpaka mtoto kakosa hewa."

Baba alisimama pale akiangalia maji yakitiririka. Kisha akatoa simu, akamwambia meneja wa hoteli ile mpya asimtegemee.

Mlidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo? Wapi! Jumamosi ya kwanza Chiriku aliamka, akafunga mwenyewe kamba za viatu (lini alijifunza? hawakujua), akakaa mlangoni na begi lake mapajani.

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Hatuondoki, mwanangu."

"Sawa." Wala viatu hakuvua.

Mama akamnunulia puto, mtoto akasema asante. Mama akamwimbia, akapigiwa makofi kama mwimbaji wa jukwaani. Akakimbilia kwa wifi yake amekata tamaa.

"Wewe naye!" shangazi akamkemea. "Unambembeleza kama mteja wa saluni, na yeye anajibu kama mteja. Ishi naye. Mtume, mkataze, mwogeshe."

Basi Jumamosi nyingine mama akaweka beseni sakafuni, akakunja mikono ya gauni. "Chiriku, njoo tuoshe nywele."

"Sitaki."

Mama akashtuka, akajikaza. "Nimesema njoo."

"Sitaki! Povu linaingia machoni! Mama mbaya wewe!" Taulo likaruka likatua ndani ya beseni, maji yakammwagikia mama kifuani, na Chiriku akajibwaga chini akipiga mateke.

Baba akaja mbio, bisibisi mkononi. "Kuna nini?"

Mama alikuwa amepiga magoti, amelowa chapachapa, anacheka huku analia. "Ananigombeza! Baba Chiriku, mtoto ananigombeza!"

"Na wewe baba!" Chiriku akamgeukia, nywele timutimu. "Ulisema utanifundisha baiskeli, hukunifundisha! Na jino langu linacheza, hata hamlijui! Na mwalimu wetu kapata mtoto, na mimi nilitaka kuwaambia, na ninyi hampo!"

Bomba la maneno lilikuwa limefunguka. Wakakaa wote watatu kwenye sakafu ile ya maji, wazazi wakipokea lawama moja baada ya nyingine kama zawadi, wakiligusa lile jino kwa zamu. Shangazi, aliyekuwa analeta soksi iliyosahaulika kwake, alizisikia kelele zile kutoka nje. Akaiweka soksi dirishani, akageuza njia, akapiga vigelegele mpaka kona ya mtaa.

Mafunzo ya kisa hiki

Mume na mke kutoka pamoja si dhambi. Hata hawa wawili bado hutoka, mara mojamoja. Dhambi ni kumwacha mtoto wako mlangoni kwa mwenzio kila wiki, halafu ukaita kimya chake mazoea. Mtoto akiwa mpole kupita kiasi mbele yako, usijisifu kwa malezi. Chunguza kama bado anakuhesabu kuwa wa kwake. Na akikugombeza siku moja kwa yale uliyomkosesha, kaa chini umsikilize mpaka amalize. Umerudishiwa mtoto.