Saa ya Kule na Saa ya Hapa

Jumamosi, tarehe 8 Juni mwaka 2019, Chiriku aliamka kabla ya kuitwa. Jina hilo alibandikwa na bibi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alideki chumba cha bibi, akatandika shuka safi, kisha akaketi barazani kuosha vyombo pamoja na rafiki yake, binti wa dereva wa lori.

Siku hiyo bibi alikuwa akirudi kwa ndege, peke yake, kutoka nchi ya mashariki alikoishi shangazi. Bibi alikuwa amekwenda huko kupasuliwa jicho. Sasa lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili liliona ukungu tu. Aliomba jambo moja: "Nikitoka mlangoni, nisikie sauti zenu."

Jana yake shangazi alisema kwenye simu kwamba ndege itaruka saa nne asubuhi, kisha simu ikakatika. Baba alitaka kumpigia tena aulize saa ya kutua, lakini Chiriku alimzuia.

"Ya nini, baba? Kati ya viwanja hivi viwili ni kilomita elfu moja na mia sita. Ndege huenda mia nane kwa saa. Itatua saa sita. Nina hakika."

Baba, aliyekuwa fundi cherehani, aliridhika. Wakapanga kutoka saa tano.

"Saa sita ya kule au ya hapa?" rafiki yake aliuliza sasa barazani, akisuuza sufuria, baada ya Chiriku kumsimulia hesabu hiyo. "Baba yangu akiwa upande ule, saa yake hutangulia yetu kwa saa nzima. Yeye anapiga simu ameshashiba, sisi ndiyo kwanza tunawasha jiko."

Sahani ilimponyoka Chiriku. Saa nne ya kule ni saa tatu ya hapa. Basi bibi angetua saa tano, wakati wao ndio wanafunga mlango. Na saa nne ya hapa ilikuwa imekwishapita.

Alikimbilia chumba cha kushonea.

"Baba, twende sasa hivi."

"Tukahesabu vigae vya uwanja? Niache nimalize kupinda suruali ya watu."

"Pengine kuna foleni."

"Foleni ya Jumamosi? Hicho ni kiherehere tu, mwanangu."

Angeweza kunyamaza, na baadaye kusema ndege iliwahi. Lakini alimwona bibi akilini, amesimama kati ya watu asiowajua, akisikiliza.

"Baba, nimekosea. Saa ya kule iko mbele. Sikujua, nikasema nina hakika. Bibi anatua saa tano."

Cherehani ilinyamaza. Baba hakufoka. Alimwita jirani mwenye teksi, suruali ikabaki na mguu mmoja haujapindwa.

Walifika abiria wakianza kutoka. Bibi alishikwa mkono na mhudumu, akitega sikio huku na huku.

"Bibi, tuko hapa!"

"Chiriku wangu. Nilidhani leo umemeza ulimi."

Ndani ya teksi, Chiriku alimweleza kila kitu. Bibi alimpapasa kichwa.

"Kukosea hesabu hakukupunguzii kitu, mjukuu wangu. Usilolijua, sema hulijui, uulize. Na ukigundua umekosea, sema mapema, kungali na muda wa kurekebisha. Leo ulisema mapema, ndiyo maana sikusimama peke yangu."

Nawe uliyesoma habari hii, msimulie mwenzako mmoja, naye amsimulie mwingine.