Nusu ya Kichwa

Salama ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga mjini, na tangu mama yake afariki anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga. Yaliyomkuta yalimkuta mchana, akiwa na wenzake.

Mwalimu mwenzake, Janeth, alipanga na mchumba wake Zabron kwenda kutembea Lushoto, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Akamwambia Salama, "Twende na wewe bwana, kila Jumamosi unajifungia ndani tu." Wakaondoka asubuhi na gari la Zabron. Mombo wakanywa chai, wakaanza kupanda mlima. Wawili wale walicheka njia nzima. Salama alikaa nyuma na mabegi.

Mchana walifika kwenye nyumba ya zamani ya Mjerumani, nje kidogo ya mji, katikati ya mikaratusi. Mlinzi, Mzee Silvano, aliitikia shikamoo zao, akawafungulia mlango. Janeth na Zabron walipiga picha sebuleni, wakapiga barazani, wakashuka bustanini wameshikana mikono. Hawakugeuka kumwangalia Salama.

Ukungu ukashuka. Madirisha yakawa meupe. Salama alisikia baridi, akaingia chumba cha nyuma chenye meko ya ukutani. Meko yalikuwa matupu, hayana hata jivu. Lakini chumba kilikuwa na joto.

Akakaa kwenye kigoda mbele ya meko, akashusha mtandio mabegani. Nywele zake zilikuwa timtim. Aliyekuwa akimsuka ni mama yake, na baada ya msiba hakutaka kwenda kwa mtu mwingine.

Akasikia mtu anaingia nyuma yake. Vidole vikamshika kichwa, vikaanza kugawa nywele.

"Janeth, acha utani," alisema, lakini hakujitoa. Aliniambia alitamani kulia. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumgusa.

Vidole vilisuka taratibu. Salama akaanza kuongea. Alieleza jinsi mama yake alivyougua. Alieleza kwamba jioni huwasha redio ili tu asikie mtu anaongea. Kila aliposita, sauti ya chini ilimwitikia.

"Ee."

"Wakati mwingine natamani kuondoka tu," Salama alisema.

"Ee, mwanangu."

Hapo akashtuka. Janeth ni mdogo kwake.

Nje, mbali, kwenye gari, Janeth alicheka. Salama akamsikia kabisa. Zabron naye akacheka.

Vidole viliendelea kusuka.

Salama hakugeuka. Alisogea mbele kidogo. Nywele zikavutwa. Si kwa nguvu. Kama mama anavyomtuliza mtoto.

"Tulia," sauti ilinong'ona sikioni. "Sijamaliza."

Pumzi ile ilikuwa ya baridi.

Hakumbuki alivyotoka. Alijikuta barazani, mtandio umebaki ndani. Mzee Silvano alimtazama kichwa, akavua kofia. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa twende kilioni, mistari myembamba iliyonyooka, imekazwa vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa timtim.

"Ulimjibu, mama?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilimweleza kila kitu."

Mzee alifunga mlango kwa ufunguo, akaondoka kuelekea kwenye mikaratusi bila kuaga.

Kwenye gari Janeth alisema, "Khe, umepata msusi huku?" Kisha akaendelea kumwonyesha Zabron picha. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi muda wote ule.

Jumapili Salama alinipigia simu, nikaenda kumfumua mimi mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Ndani ya kila msuko kulikuwa na unywele mmoja mrefu, mweupe, umesukwa pamoja na wake kuanzia kwenye ngozi hadi mwisho. Nilizitoa zote, nikaziweka kwenye sahani. Nikamwambia tukazichome uani.

Alikubali. Nikatangulia kuwasha mkaa. Niliporudi, sahani ilikuwa tupu, na Salama ameketi kitandani amefumba kiganja.

"Niachie," alisema. "Wewe una watu wako."

Mwezi uliopita aliomba uhamisho. Ameomba Lushoto.