Waya wa Chumba cha Bibi

Jioni ikifika, Mama Wageni bado hutega sikio mlangoni. Marehemu mumewe alikuwa na sauti, we! Akitoka kazini alipiga hodi mpaka wageni waliolala wakaamka. Bibi, mama yake mzazi, alimjibu kutoka chumba cha nyuma: "Nimesikia, mwanangu!" Sasa nyumba yao ya kulala wageni imepoa. Hamu ya kuisikia sauti ile haimwishi Mama Wageni.

Kilichobaki ni kazi ya mikono ya mumewe. Vihisi moshi vya darini na ving'ora, vyote alivifunga mwenyewe. Bibi alipohamia chumba cha nyuma, mwanawe alimfungia kihisi na king'ora siku hiyohiyo. "Mama yangu halali bila ulinzi," alisema.

Siku moja akaja fundi wa kengele za moto, binti mcheshi mwenye ngazi begani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kupima mfumo."

"Marahaba. Pima, lakini usiguse waya hata mmoja. Ni kazi ya mume wangu."

Fundi alipuliza moshi wa kupimia kwenye kihisi cha ukumbini. Ving'ora vikalia.

"Si nilikwambia? Yule alikuwa fundi!"

Akapuliza chumbani kwa Bibi. Kimya. Akapuliza tena. Kimya vilevile.

Fundi alipanda darini, akashuka na kipande cha waya. "Panya, mama. Ameutafuna mpaka umekatika."

"Haiwezekani! Mbona paneli ya kengele pale mlangoni inawaka kijani kila siku?"

"Paneli hupitisha umeme kidogo kwenye waya," fundi alieleza. "Unaingia kihisi cha kwanza, unatoka, unaingia cha pili, hadi cha mwisho. Pale mwisho pana kidude kidogo, resista. Waya wa njia hiyo ukikatika, umeme haufiki, na paneli inalalamika. Huu wa Bibi ni tawi, umeungwa kando. Tawi likikatika, paneli haina habari. Na king'ora chake kimeungwa hivyohivyo."

"Kwa hiyo moto ungewaka humu..."

"Bibi angekuwa wa mwisho kujua."

Machozi yalimlengalenga Mama Wageni. "Mume wangu hakuwa mzembe!"

"Hakuwa, mama. Alimpenda mama yake, akaharakisha. Lakini kanuni hairuhusu tawi. Inabidi niung'oe waya huu."

Mama Wageni akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Ukiung'oa, mimi nitabaki na nini chake?"

Bibi akajibu kutoka kitandani: "Utabaki na mimi, kama sijaungua."

Jamani! Mama Wageni akacheka huku akilia. Akaiachia ngazi.

Fundi alivuta waya mpya, wa aina inayostahimili moto. Waya wa vihisi ukaingia na kutoka kila kihisi, na resista ikahamia kwenye kihisi cha Bibi, mwisho wa njia. Waya wa ving'ora nao ukafungwa vivyo hivyo, na resista yake. Kisha akakichomoa kihisi cha Bibi makusudi. Papo hapo paneli ikapiga kelele na taa ya njano ikawaka.

"Umeona, mama? Sasa inajua."

Siku hizi, kila Jumatatu asubuhi, Mama Wageni huwatahadharisha wageni, kisha hujaribu kengele. Ving'ora hulia nyumba nzima. Vikinyamaza tu, sauti hutoka chumba cha nyuma:

"Nimesikia, mwanangu!"