Siku ya Kwanza ni ya Mama

Siku mama yao alipofariki, sweta moja ya shule ilibaki kwenye mashine ya kufumia ikiwa na mkono mmoja. Ilikuwa sweta ya kijani, ya mtoto wa jirani, na Mama alikuwa ameahidi kuimaliza kabla shule hazijafunguliwa. Asubuhi alilalamika kifua, akanywa maji, akaketi tena kwenye mashine yake. Baba alipomshika mkono kumpeleka hospitali, alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akamwambia binti yake mlangoni, "Sindano, mwangalie mdogo wako, asichezee nyuzi zangu." Alasiri Baba alirudi peke yake.

Sindano ni jina la utani alilopewa na Mama kwa wembamba wake, na pia kwa ulimi wake. Alikuwa darasa la tano. Mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa wingi wa maswali, alikuwa bado hajaanza shule.

Jua lilipozama nyumba ilikuwa imejaa watu. Watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyelitamka neno lenyewe. "Mwenzetu ametutangulia," mmoja alisema. "Ametutangulia, tutafanyaje," mwingine akajibu. Profesa, aliyejibanza katikati ya miguu ya watu, alimvuta dada yake sketi.

"Dada, Mama ametangulia wapi?"

Sindano aliangaza huku na huku akitafuta mtu mzima wa kujibu. Hakumpata. Midomo ya mdogo wake ilikwisha kuanza kutetemeka. Hapo akamkumbuka Shangazi, dada yake Baba, aliyefundisha chekechea katika mji mmoja mkubwa wa Asia. Shangazi alipiga simu ya video kila Jumapili akiwasihi waende kumtembelea, na katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa na hamu ya safari hiyo kama Mama.

"Ametangulia kwa Shangazi," Sindano alisema. "Sisi tutamfuata."

"Si angeniaga," Profesa alinung'unika. Akafuta machozi kwa kiganja, kisha akaomba mkate.

Kesho yake, wakati wa mazishi, alipelekwa kucheza kwa jirani. Siku zilizofuata watu walimsifu. "Huyu ana moyo wa chuma," walisema. "Hata kulia halii!" Sindano aliwasikia. Alijiambia kwamba atamweleza ukweli wiki ijayo. Halafu akasema baada ya mitihani. Halafu akikua kidogo. Uongo ukakaa ndani ya nyumba kama mgeni aliyesema amekuja kulala siku moja tu.

Mwaka ukapita. Baba, fundi wa friji na viyoyozi, alikuwa mtu wa maneno machache siku hizo. Alikwenda kazini, akarudi, akapika, akakagua madaftari. Ndipo jioni moja mezani akaweka kijiko chini.

"Likizo hii tunakwenda kwa Shangazi. Wiki nzima, kutembea tu na kuangalia mji. Mama yenu aliitaka sana safari hii, nami kila siku nilimwambia kesho, kesho."

Profesa aliruka mpaka kikombe kikapinduka. "Nilijua! Nilijua tutamfuata!"

Baba akacheka. Ilikuwa muda mrefu hawajamsikia akicheka. "Tunamfuata Shangazi, ndiyo. Haya, futa chai hiyo kabla haijatangulia sakafuni."

Sindano hakucheka. Alichukua kitambaa, akaifuta chai mwenyewe.

Jumapili iliyofuata Baba alileta kipande kikubwa cha boksi la friji, akachora visanduku saba kwa kalamu nene, kimoja kwa kila siku ya safari. Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, na uso wa Shangazi ukajaa kioo chote.

"Sikilizeni, watu wangu," Shangazi alisema. "Mji huu haumsubiri mtu. Mkivuka barabara mshikane mikono, maana pikipiki za huku zina honi tu, breki waliziacha kiwandani. Kuna treni inayopita juu ya mapaa ya watu. Kuna soko la mtoni, mnanunua matunda mkiwa ndani ya boti. Na kuna hekalu kubwa lenye paa la dhahabu, lakini pale mnavua viatu mlangoni. Kwa hiyo, kaka yangu, soksi zisizo na matundu, tafadhali."

"Soksi zangu zinaingiza hewa makusudi," Baba alijibu. "Mimi ni fundi wa viyoyozi."

Walicheka wote, isipokuwa Sindano. Yeye alikuwa ameketi karibu kabisa na simu, kidole kikielekea kwenye kitufe cha kukata. Ndivyo alivyokaa kila Jumapili mwaka mzima. Alikuwa amemwambia Profesa kwamba Jumapili Mama yuko kazini, asimsumbue Shangazi kwa maswali. Hata hivyo, kila mdogo wake alipofungua kinywa, kidole kilisogea karibu zaidi na kitufe.

"Haya, kila mtu achague siku yake," Baba alisema.

Sindano alichagua treni, kwa sauti ndogo. Baba akachagua soko la mtoni. Profesa akapanda juu ya kiti.

"Siku ya kwanza tusiende popote," alitangaza. "Siku ya kwanza ni ya Mama."

Ndani ya simu, Shangazi alijiziba mdomo. Baba alimtazama mwanawe kwa muda, machozi yakimlengalenga.

"Umesema kweli, mzee wangu," alisema. Akainama, akaandika katika kisanduku cha kwanza, kwa herufi kubwa: MAMA.

"Nitatafuta maua," Shangazi alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Ya njano," Profesa akasema. "Mama anapenda ya njano."

Hakuna aliyegundua kwamba hakusema "alipenda." Sindano peke yake aligundua. Neno MAMA lilikuwa moja, lakini Baba alikuwa akifikiria kumbukumbu, na Profesa alikuwa akifikiria mtu wa kumkumbatia uwanja wa ndege. Kuanzia siku ile Sindano alikosa raha. Darasani mwalimu alimwita mara mbili asisikie. Usingizi ulipomchukua, alimwona Profesa amesimama katika umati wa mji ule wa mbali, akiangalia uso mmoja baada ya mwingine.

Siku chache baadaye walikwenda wote kwa wakala wa safari, mwanamke mcheshi aliyekuwa na ofisi ndogo juu ya duka la vifaa vya umeme.

"Watu watatu, kwenda na kurudi?" aliuliza, vidole vyake vikiwa tayari kwenye kompyuta.

"Watatu," Baba alisema.

"Hapana," Profesa alisema. "Kwenda watatu, kurudi wanne."

Wakala akaangua kicheko. "Kwani mnakwenda kununua mtu sokoni?"

Baba aligeuka taratibu. "Wa nne ni nani, mzee?"

"Anahesabu begi!" Sindano alidakia. "Profesa wa hesabu za kuku, huyu."

Watu wote ofisini wakacheka. Profesa alimtazama dada yake kwa mshangao. Halafu akatabasamu, akamkonyeza. Alidhani Dada anataka Baba ashtukizwe siku Mama atakapokubali kurudi nao, na kwamba wao wawili ndio wenye siri. Ule ukonyezo ulimchoma Sindano kuliko kofi.

"Basi, nitazitoa tiketi kesho," wakala alisema. "Nikishazitoa hazibadilishwi, mjue."

Baba alikwenda moja kwa moja kwenye karakana yake, watoto wakarudi nyumbani. Sindano aliingia chumbani akamkuta Profesa amemwaga vitabu vyake kitandani. Ndani ya mkoba wa shule alikuwa ameweka kitu kimoja tu, kimefungwa vizuri kwa leso. Ilikuwa miwani ya Mama, na kamba yake.

"Nani amekuruhusu? Irudishe!"

"Aliisahau," Profesa alisema, akiukumbatia mkoba. "Bila miwani Mama haoni hata uzi. Ndiyo maana hatupigii simu, Dada. Haoni namba." Akaukaza mkoba kifuani. "Mwanzoni nilifikiri amenikasirikia."

"Akukasirikie kwa nini?"

"Siku ile nilichezea nyuzi zake. Nikazifunga mafundo. Nikafikiri ndiyo sababu aliondoka bila kuniaga. Lakini nikimpa miwani atanisamehe, siyo?"

Sindano aliketi kitandani. Mwaka mzima aliamini kwamba amemkinga mdogo wake na uchungu. Kumbe mtoto alikuwa nao muda wote, akiubeba kimyakimya, na juu yake ameongeza kosa ambalo si lake.

"Ngoja hapa," alisema. "Usitoke. Nakuja na Baba."

Alikimbia mpaka karakana. Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji iliyofunguliwa mgongo, bisibisi mkononi.

"Baba, mwambie yule wakala asitoe tiketi."

"Una nini wewe? Mbona unahema hivyo?"

"Profesa anadhani Mama yuko kwa Shangazi."

Bisibisi ikasimama. "Anadhani nini?"

"Kwamba yu hai. Kwamba tunamfuata. Mama ndiye mtu wa nne, Baba."

"Nani amemwambia maneno hayo?"

Uongo mwingine ulimjia Sindano mdomoni ukiwa tayari: watoto wa mtaani, yule jirani mwenye maneno mengi. Aliumeza.

"Mimi," alisema. "Siku ile ile. Aliniuliza Mama ametangulia wapi, nikakosa la kusema."

Baba aliketi juu ya sanduku la vifaa. Hakufoka. Alijipangusa uso kwa kitambaa cha mafuta, ukabaki na alama nyeusi shavuni. "Na mimi nikaandika Mama kwa herufi kubwa," alisema polepole. "Ningemfikisha yule mtoto uwanja wa ndege, aanze kumtafuta..."

Mteja mmoja alichungulia. "Fundi, friji yangu vipi?"

"Kesho, dada yangu. Leo nina kazi nyumbani."

Njiani Baba alipiga simu kwa wakala amwombe angoje. Walipofika mlangoni akamwuliza binti yake, "Utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mimi. Lakini ukae karibu."

Profesa alikuwa bado amekumbatia mkoba. Sindano alipiga magoti mbele yake. Hakuyazungusha maneno.

"Mama hayuko kwa Shangazi. Mama alikufa, siku ile ile, hospitalini. Mimi nilikudanganya."

Profesa alimtazama Baba. "Anatania, eti?"

"Hatanii, mwanangu. Mama alikufa."

Ilikuwa mara ya kwanza Baba kulitamka neno lile ndani ya nyumba. Profesa alimpiga dada yake kwa ngumi, kifuani, mabegani. Sindano hakujikinga. Halafu mtoto akalia, kilio kirefu cha mwaka mzima, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alipoishiwa na sauti, aliuliza swali moja.

"Ni kwa sababu ya nyuzi?"

"La, la, la," Baba alisema, akimpakata. "Moyo wake uliugua, na sisi hatukujua mapema. Si nyuzi. Si wewe hata kidogo."

"Siendi tena kwa Shangazi."

"Basi hatuendi, mpaka utakaposema mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Baba hakwenda kazini. Aliwapeleka wote wawili makaburini. Profesa aliuliza maswali yake yote: kama ndani kuna giza, kama Mama anasikia, kama walimfunika vizuri. Aliyoyajua Baba aliyajibu. Asiyoyajua alisema, "Hilo silijui, mwanangu." Sindano alishangaa kuona kwamba "sijui" haikumdhuru mdogo wake. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea na swali jingine.

Walipokuwa wakirudi, Profesa akiwa ametangulia mbele akipiga teke kijiwe, Baba alimshika Sindano bega.

"Ulimwona mdogo wako analia, ukamhurumia. Kwa hilo sikulaumu. Lakini uongo wako haukumwondolea uchungu, ulimwachia aubebe peke yake. Na sisi wakubwa ndio tulioanza kukosea. Tulilificha neno, nawe ukalazimika kutafuta jingine."

"Niliogopa, Baba. Kila siku iliyopita niliogopa zaidi."

"Ndivyo ulivyo uongo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Siku nyingine ukikosa la kusema, sema hujui. Au kaa naye tu alie. Ukweli unauma, mwanangu, lakini mkiujua wote mnaulilia pamoja."

Kwa siku kadhaa Profesa hakuzungumza na dada yake ila kumwomba chumvi. Sindano hakumharakisha. Jumapili Shangazi alipopiga simu, Profesa ndiye aliyeipokea, akamweleza yote mwenyewe, hata zile ngumi. Shangazi alilia, yeye akamngoja amalize. Kisha akauliza kama ile treni ya juu ya mapaa ina dirisha mbele.

"Ina dirisha kubwa," Shangazi alisema.

Profesa alifikiri. "Basi nataka kuiona," alimwambia Baba. "Dada anaweza kukaa upande wa dirisha wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda ni mimi."

Jumatatu Baba alimpigia wakala, na safari hii hakuna aliyebishana kuhusu hesabu.

Siku hizi mtu asiyewajua akimwuliza Profesa mama yake yuko wapi, hujibu mwenyewe, "Alikufa." Sindano humwacha ajibu.