Fuvu Lililofukuliwa Zagayu

Chumba cha nyuma, kilabu cha pombe, Bariadi. Anatoli alichora ramani mezani kwa kipande cha mkaa.

"Stoo ya misheni. Mlango mmoja. Mlinzi mmoja, mzee Thomasi. Jumapili padre huenda kigango cha mbali. Tunaingia saa nne asubuhi. Hakuna kuua."

"Na sanduku?" aliuliza Shija, dereva.

"Lipo tangu enzi za Mjerumani. Alifukua kaburi la ntemi, chifu wa pale Zagayu, akapanga kila kitu sandukuni, hata fuvu la marehemu. Vita ya kwanza ikamkimbiza kabla hajasafirisha. Bangili za pembe, shaba, gamba la kombe la kuvaa kifuani. Kuna mtu Mwanza anavitaka vyote. Siku hizi ruksa, ngosha. Kila kitu kina mnunuzi."

"Fuvu ni langu," alisema Ngeleja, kijana wa huko Zagayu.

Anatoli alicheka. "Jambazi gani wewe, unaiba mfupa?"

"Ni guku, babu yetu. Ukoo mzima unatambikia shimo tupu. Mama ni mgonjwa, anataka kumwona babu yake amezikwa kabla hajakata roho. Bila fuvu, siwaonyeshi njia ya mbugani."

"Utalipata. Naapa."

JUMAPILI, SAA NNE

Mlango ulivunjika kwa teke la pili. Thomasi alisimama mbele ya sanduku na rungu lake.

"Wanangu, hivi vina wenyewe. Rudini."

"Pisha, baba," Ngeleja alimsihi. "Tafadhali."

Anatoli alifyatua bastola. Mzee alimwangukia Ngeleja kifuani. Akafa akiwa amemshika shati.

"Ulisema hakuna kuua!"

"Beba sanduku."

SAA NNE NA NUSU

Pikapu ilinasa kwenye tope jeusi la mbuga. Shija alikanyaga mafuta. Magurudumu yakazidi kuzama.

Nyuma yao sauti ya mwanamke ikapaa. Mwano, yowe la kuita watu. Likaitikiwa kaya ya pili, kisha kijiji cha pili. Sungusungu.

Shija aliruka nje, akakimbilia mtoni. Mshale ukamkuta mgongoni.

Anatoli alivunja sanduku, akajaza bangili kwenye kiroba. Fuvu akalirusha. Likagonga bampa, likapasuka.

"Uliapa," Ngeleja alisema taratibu.

"Mfupa huo, ngosha! Lala humu kwenye shamba la pamba. Kimya. Watapita."

Anatoli alikuwa mtu wa Dar. Hakujua sheria ya huku: ukisikia mwano, unaitikia na kukimbia na wenzako. Anayenyamaza ndiye mwizi. Ngeleja aliijua tangu akichunga ndama. Dakika moja nyuma, kabla fuvu halijapasuka, angemwambia.

Aliokota vipande, akavikusanya kwenye pindo la shati. Akasimama wima. Akaitikia mwano kwa pumzi zake zote, mkono ukionyesha kwenye pamba alikolala Anatoli.

Anatoli aliwahi kupiga risasi mbili. Kisha mapanga yakashuka. Yakaendelea kushuka hata alipokwisha kunyamaza. Ngeleja alikaza pindo la shati.

Kamanda wa sungusungu alimgeukia. Uso wake haukuwa na shaka. Kijana aliyeitikia mwano ni mwenzao. Angeweza kuondoka nao.

"Wewe ni wa kwa nani, mwanangu?"

Ngeleja alipiga magoti. Akalifungua pindo la shati, vipande vya fuvu vikaonekana juu ya damu ya Thomasi, bado mbichi.

"Wa huyu. Ntemi wenu. Mzikeni kwanza, baba. Halafu niulizeni damu hii ni ya nani."