Punje Moja Ndani ya Kofia

Kitendawili, wajukuu wangu! Kuku angekimeza bila kukohoa, lakini kikianguka ndani ya kofia kinaweza kumhamisha mtu nyumba. Mnafikiri? Fikirini huku mnasikiliza.

Katika kijiji cha Aldbrook, huko Massachusetts, Marekani, enzi za ukoloni wa Waingereza, Machi ulikuwa mwezi wa mkutano wa kijiji. Asubuhi ya mkutano Damaris Holbeck, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa karibu na moto akipukuchua mahindi. Kila mwanamume wa mkutano alihitaji punje moja ya mahindi na harage moja vya kupigia kura. Mahindi yalikuwa "ndiyo", harage lilikuwa "hapana". Punje moja iliruka ikaingia majivuni, naye akaiacha.

"Iokote," alisema baba yake, Isaac, aliyekuwa mlinzi wa amani wa kijiji.

"Ni punje moja tu, Baba."

"Punje moja ina uzito gani?"

"Haina uzito."

"Fikiri vizuri. Utanijibu baadaye."

Lakini Damaris hakuwa na nafasi ya kufikiri juu ya uzito. Mawazo yake yote yalikuwa kwa rafiki yake Kezia. Kezia na mama yake, mjane Lovell, mfumaji wa vitambaa, waliingia kijijini kabla ya theluji, na mgeni hakuruhusiwa kukaa Aldbrook bila idhini ya mkutano. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua. Wakikataliwa, wangefungasha vyombo wiki hiyohiyo.

Katika nyumba ya mkutano pumzi za watu zilitoka kama moshi. Damaris aligawa punje kutoka bakulini, kisha akasimama mlangoni, mara mguu huu, mara ule.

"Yule mjane atatuletea njaa," alisema Ndugu Pike, mwenye ng'ombe wengi. "Ugonjwa ukimpata, nani atamlisha? Ni sisi!"

"Wewe Pike, shati ulilovaa kitambaa chake kakifuma nani?" aliuliza Mzee Crane, fundi wa mapipa. "Au limeota mgongoni?"

Watu wakacheka. Pike hakucheka.

Isaac akaanza kuizungusha kofia, Damaris akimfuata na bakuli. Kila mtu alitumbukiza ngumi, akaachia punje aliyoitaka, na ile nyingine akairudisha bakulini. Isaac alipofika benchi la nyuma, mzee mmoja alishikwa na kikohozi kikali. Isaac akamkabidhi binti yake kofia ili amletee mzee maji.

Kofia mkononi, punje bakulini. Wala hakuna aliyemtazama. Vidole vya Damaris vilitangulia kabla ya akili: tii! Punje moja ya mahindi ikaingia.

Mwenyekiti Stroud akamwaga punje mezani, akahesabu. Akahesabu tena.

"Mahindi kumi na tatu, maharage kumi na mawili. Jumla ishirini na tano." Akainua macho. "Na sisi tuko ishirini na wanne."

"Ni Crane!" Pike alisimama. "Tangu asubuhi anamtetea mjane utadhani kamposa! Anyang'anywe haki ya kura!"

"Mimi?" Mzee Crane alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Miaka ishirini naweka punje yangu moja humu!"

"Aliyefanya hivyo aseme," Mwenyekiti aliagiza. Akapitisha macho benchi kwa benchi. "Basi anayeona ni Crane anyooshe mkono."

Damaris akisema, Kezia ataondoka. Asiposema, Mzee Crane ataaibishwa. Alitoka nje, akarudi. Akashika komeo la mlango, akaliachia. Ndani, wanaume watatu walikuwa wameshanyoosha mikono dhidi ya Crane, na mzee alikuwa anazitazama buti zake.

"Ni mimi!" Sauti ya Damaris ilipasuka. "Mzee Crane hakufanya kitu. Ni mimi niliyeongeza punje."

"Nani kakutuma?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hakuna. Nilitaka Kezia abaki."

Isaac alifumba macho. Mwenyekiti akaamuru punje zirudishwe bakulini na kura ipigwe upya, na Damaris akae mbele, mikono magotini.

Mzee Crane akaomba kusema. "Ndugu zangu, mmenitazama leo kama mwizi kwa dhana tu. Dhana, basi! Na yule mjane tunamtazama vipi? Kuna hapa aliyewahi kuombwa mkate na yeye? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono uliopanda. Hata wa Pike.

Kofia ikazunguka tena. Damaris alihesabu pamoja na Mwenyekiti. Maharage tisa. Mahindi kumi na tano.

Walirudi nyumbani kwa njia ya matope. Mbele yao Kezia alikuwa anamkimbilia mama yake, kilemba cha kichwa kimemvuka.

"Baba, mbona yameishia vizuri?"

"Yameishia vizuri kwa sababu ulisema kweli, si kwa sababu ya punje yako," alisema Isaac. "Mfalme yuko ng'ambo ya bahari. Hapa tunaongozwa na tulichokubaliana, na makubaliano yetu yanakaa ndani ya ile kofia. Leo umeongeza punje kwa wema. Kesho Pike ataongeza kwa chuki. Utamwambia nini?"

Damaris alipiga jiwe teke. "Lakini Mama Lovell hakuwa na punje hata moja. Wala mimi."

Isaac alimshika mkono, wakaruka dimbwi la matope. "Swali hilo ni la haki," alisema. "Liulize mkutanoni ukiwa mkubwa. Liulize kwa sauti, si kwa vidole."

Walipofika, Damaris alipiga magoti mbele ya moto, akapekua majivu mpaka akaipata ile punje ya asubuhi. Akaipuliza, akaiweka kiganjani mwa baba yake.

"Ina uzito wa mtu mmoja, Baba," alisema. "Hauzidi, haupungui."