Mzinga Uliogeuka

Mungu anisamehe, nilimhusudu rafiki yangu Hamood. Alipewa kusafisha mzinga wa zamani wa kutungulia ndege, uliotolewa kwenye meli ya vita, na kazi hiyo mimi niliiomba kabla yake. Alipotuonesha gerejini kwake Bawshar, wenzangu wote walisema mashaallah, kuukinga na kijicho. Mimi kwa makusudi sikuisema.

"We Marhoon, mbona umenuna? Njoo uubusu basi!" akanitania.

Ulikuwa umeshikana kwa kutu. Wanaume wanne tulishindwa kuuzungusha, tukauacha umeelekea ukutani.

Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, Hamood aliingia kuchukua bisibisi. Taa ilikuwa imeungua, na gereji haina dirisha, kiza tupu. Akasikia chuma kinasagika polepole, kisha kimya. Akapapasa mtutu, akaukuta una moto. Akanipigia simu.

"Umegeuka, ndugu yangu. Unaelekea Hail, kwako."

Tangu hapo nimesema mashaallah mpaka ulimi umekauka. Lakini kila asubuhi Hamood ananambia mtutu umenyanyuka kidogo zaidi.

Nakuomba wewe unayenisikiliza, nenda ukautazame. Mimi siwezi kusimama mbele yake.